Kupima upungufu wa vitamini na madini kwa wanawake na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila utafiti wa lishe unapoandaliwa, unapofanyika na matokeo yake yanaposomwa. Mengine huulizwa na wazazi wanaoombwa damu ya watoto wao, mengine na wahudumu wa afya, wanafunzi wa lishe na maofisa wanaotakiwa kupanga bajeti kwa takwimu ambazo hakuna aliyewaeleza zimetokaje. Si lazima uanzie juu. Pale jibu linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Ya msingi

1. Virutubishi vidogo ni nini hasa?

Ni vitamini na madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana, miligramu au mikrogramu kwa siku, lakini hauwezi kwenda bila hayo. Vinavyopimwa zaidi kwenye tafiti ni madini ya chuma, vitamini A, madini joto (ndiyo iodini), zinki, foleti na vitamini B12. Vitamini D huongezwa fedha zikiruhusu.

Udogo ni wa kiasi tu. Madini joto yakipungua sana wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Foleti ikiwa haba siku za mwanzo za mimba, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka.

2. Mbona wanapimwa wanawake na watoto tu? Wanaume hawapungukiwi?

Wanapungukiwa, ila si kwa kiwango hicho. Mtoto anakua haraka kuliko atakavyokua tena maishani, na tumbo lake ni dogo. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi, na akishika mimba au akinyonyesha anagawana akiba yake na mtoto. Kwa hiyo tafiti nyingi huchukua watoto wa miezi 6 hadi 59 na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Sababu nyingine ni bajeti: kila kundi linaloongezwa lina sindano zake, mirija yake na nafasi yake kwenye friza.

3. Kwani mwenye upungufu hajulikani kwa kumtazama?

Anajulikana akiwa amechelewa. Kutoona vizuri jioni, mabaka yenye povu kwenye weupe wa jicho, rovu shingoni, viganja vilivyopauka: dalili hizi zipo na bado zinafaa kuulizwa na kutazamwa. Lakini kwa mmoja mwenye dalili wapo wengi ambao akiba yao imeisha na nje hawaonyeshi kitu. Ndiyo maana hali hii imeitwa njaa iliyofichika.

Tena macho ya watu hayafanani. Wahudumu wawili wakikagua viganja vya mtoto yuleyule, mmoja ataandika "amepauka" na mwenzake "yuko sawa", na wote wawili wamesoma.

4. Si ingetosha kuwauliza watu wanakula nini?

Kuuliza kunakueleza kinachoingia mdomoni. Hakukuelezi kilichofyonzwa, kilichochukuliwa na minyoo au kilichopotea kwa kuhara. Mtu anaweza kula vizuri na damu yake ikawa haba.

Hata hivyo maswali ya chakula yana kazi yake, kwa sababu yanaonyesha chanzo. Kipimo chepesi ni cha makundi ya vyakula: mwanamke aliyekula angalau makundi 5 kati ya 10 jana, mchana na usiku, anahesabiwa amefikia uanuwai wa chini wa mlo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 ni makundi 5 kati ya 8, na maziwa ya mama ni kundi mojawapo. Anayetaka kujua kiasi halisi cha virutubishi hutumia mahojiano ya saa 24 zilizopita, na lazima arudi siku nyingine kwa angalau sehemu ya watu walewale. Siku moja ya mlo haiwakilishi ulaji wa kawaida wa mtu.

5. Nikipimwa kwenye utafiti, nitaambiwa kama nina upungufu?

Himoglobini, yaani wekundu wa damu, utaambiwa palepale, kwa sababu mashine ndogo ya mkononi hutoa jibu ukiwa umekaa. Ukikutwa na malaria utaambiwa pia na kupewa rufaa au dawa.

Mengine mengi hutaambiwa, wala si siri. Sampuli husafiri hadi maabara na majibu huweza kutoka miezi kadhaa baadaye, wakati hali yako imeshabadilika. Zaidi ya hapo, vipimo kadhaa vinasema kweli kuhusu kundi la watu mia nne na vinadanganya kuhusu mtu mmoja (mfano mzuri ni madini joto, swali la 14). Kundi na mtu ni vitu viwili, na hapo ndipo wasomaji wa ripoti za lishe wanapokosea zaidi. Mwenye wasiwasi na afya yake au ya mwanawe aende kliniki. Utafiti haufanyi kazi ya daktari.

## Damu na madini ya chuma

6. Upungufu wa damu si ndio upungufu wa madini ya chuma?

Hapana, na utafiti unaopima himoglobini peke yake kisha ukatangaza kiwango cha upungufu wa madini ya chuma umetangaza kitu usichokipima.

Upungufu wa damu ni himoglobini kuwa chini, kwa sababu yoyote ile: madini ya chuma kuisha, malaria, minyoo ya safura, kichocho, selimundu, thalasemia, ukosefu wa foleti, B12 au vitamini A, maambukizi ya muda mrefu, kutokwa damu nyingi. Kwa upande wa pili, mtu anaweza kuwa amemaliza akiba yote ya madini ya chuma na himoglobini yake bado ikasoma vizuri. Himoglobini ndiyo ya mwisho kushuka. Kwa hiyo vipimo hivi viwili vinakutana sehemu tu. Mahali penye malaria nyingi, waliopungukiwa na damu kwa sababu ya madini ya chuma huweza kuwa chini ya nusu ya wote wenye upungufu wa damu.

7. Himoglobini ikiwa ngapi ndiyo imepungua?

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024, kizingiti ni gramu 105 kwa lita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, gramu 110 kwa mtoto wa miezi 24 hadi 59, na gramu 120 kwa mwanamke asiye mjamzito. Aliye chini ya hapo anahesabiwa kuwa na upungufu. Wajawazito wana vizingiti vyao (swali la 22). Usishtuke ukiona hospitali imekuandikia 12 badala ya 120: wao wanahesabu kwa desilita, na kipimo ni kilekile.

8. Kwa nini mnauliza urefu wa eneo kutoka usawa wa bahari, na kama mama anavuta sigara?

Kwa sababu vyote viwili vinapandisha himoglobini bila kumwongezea mtu afya. Hewa ya milimani ina oksijeni haba, mwili unajibu kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Moshi wa sigara nao hukalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na mwili unajibu vivyo hivyo.

Chukua mwanamke anayeishi mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, himoglobini yake ikasoma 128. Kwa jedwali la 2024 unaondoa 14, inabaki 114, na huyo ana upungufu wa damu. Usiposahihisha utamwandika mzima. Marekebisho sasa huanzia mita 500. Zamani yalianzia 1,000, na hilo lina athari zake (swali la 20).

9. Damu ya kidole na ya mshipa zina tofauti gani?

Ya mshipa ndiyo inayoaminika, na ikipimwa kwa mashine kamili ya maabara ni bora zaidi. Ya kidole ni rahisi kuipata na wazazi huikubali haraka, ila tone moja na jingine la mkono uleule huweza kutofautiana kuliko unavyodhani.

Makosa mengi hutokea ndani ya sekunde chache. Mchukua damu anapangusa kidole kwa spiriti na kuchoma kabla hakijakauka, kwa hiyo tone la kwanza lina spiriti ndani yake. Damu inakawia, mtoto analia, mama ameanza kununa, na mchukua damu anaanza kukamua ncha ya kidole. Kinachotoka hapo ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama, na mashine inasoma chini. Mtoto mzima ameandikwa ana upungufu wa damu kwa sababu ya kidole gumba cha mhudumu.

Namna sahihi: mkono uwe na joto, uchomwe kidole cha kati au cha pete, pembeni kidogo ya ncha na kwa kina cha kutosha, matone ya mwanzo yafutwe kwa pamba kavu, kisha damu iachwe ijitokeze yenyewe. Kwa watoto wachanga huchomwa kisigino. Kwa maoni yangu, siku ya ziada ya kufundisha kuchoma kidole inaokoa utafiti kuliko mashine mpya.

10. Ferritini inaonyesha nini?

Ni protini ya damu inayoonyesha akiba ya madini ya chuma. Kwa mtu asiye na maambukizi, chini ya mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, au chini ya 15 kwa mwanamke, ina maana akiba imeisha. Kuna kipimo kingine, vipokezi vya transferini, ambacho hupanda seli zinapokosa madini ya chuma. Kinasaidia, lakini vifaa vya watengenezaji mbalimbali havitoi namba zinazolingana, kwa hiyo usilinganishe tafiti mbili kabla hujaangalia zilitumia kifaa gani.

11. Je, mtu akiwa na homa au maambukizi, majibu yanaharibika?

Yanaharibika, na hili ni swali zito kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu.

Mwili ukipambana na maambukizi au jeraha huingia katika hali iitwayo inflamesheni. Ukiwa humo huficha madini ya chuma ili vijidudu visiyapate, na ferritini inapanda. Mtoto ambaye akiba yake imekwisha kabisa anaweza kusoma ferritini ya mtoto mzima kwa sababu tu ana malaria. Vitamini A na zinki hufanya kinyume: hushuka kwenye damu kwa muda hata kama mwilini zipo. Kwa hiyo jamii yenye maambukizi mengi itaonekana ina madini ya chuma ya kutosha na vitamini A haba, na huenda yote mawili si kweli.

Mtu hahitaji kuwa na homa. Watoto wengi wanaocheza uani bila dalili yoyote wanakutwa na inflamesheni.

Dawa yake ni kupima protini mbili pamoja na virutubishi. CRP hupanda ndani ya saa chache na kushuka mapema. Juu ya miligramu 5 kwa lita ni dalili. AGP huchelewa kupanda na hukawia kushuka. Juu ya gramu 1 kwa lita ni dalili. Ukipima moja tu, utawakosa walio mwanzoni mwa ugonjwa au wale wanaoelekea kupona.

Baada ya kupima kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuwaondoa wote wenye inflamesheni, nami siipendi: unawatupa watoto wagonjwa, ambao mara nyingi ndio maskini, na kubaki na picha nzuri ya waliobaki. Ya pili ni kutumia kizingiti cha juu cha ferritini kwa wenye maambukizi, 30 kwa watoto na 70 kwa watu wazima. Ya tatu ni kusahihisha kihesabu kila jibu kwa kadiri CRP na AGP zilivyopanda, njia iliyojengwa na mradi wa BRINDA na ambayo sasa ndiyo inayotumika zaidi. Kwa vitamini A masahihisho hayo hufanywa kwa watoto; kwa wanawake uhusiano wake na inflamesheni hauko imara.

Ripoti isiyotaja CRP wala AGP, soma ferritini yake kwa tahadhari kubwa.

## Vitamini A, madini joto, zinki na wenzao

12. Vitamini A inapimwaje?

Mara nyingi hupimwa retinoli kwenye majimaji ya damu. Chini ya mikromoli 0.70 kwa lita huhesabiwa upungufu. Pale ambapo maabara haina mashine ya retinoli, hupimwa protini inayoibeba, RBP, kwa gharama ndogo, na kikundi kidogo cha sampuli hupimwa vyote viwili ili namba zilinganishwe.

Ini ndilo ghala, na ini ni mchoyo wa taarifa. Hupima retinoli inayotoka na kuiweka sawa kwenye damu hadi akiba ikaribie kwisha. Kwa sababu hiyo retinoli hukuambia nani yuko taabani, lakini haikuelezi vizuri nani ana kidogo na nani ana tele. Kuna vipimo vya kuamsha ini kwa dozi ndogo kisha kupima baada ya saa kadhaa. Ni vizuri zaidi na ni vigumu zaidi kuvifanya nyumba kwa nyumba.

13. Mwanangu alipewa matone ya vitamini A hivi karibuni. Bado anaweza kupimwa?

Anaweza, ila mwambie mhudumu tarehe. Dozi ya kawaida ni yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59. Athari yake kwenye damu haidumu hadi kampeni inayofuata. Wapangaji wa utafiti ndio wanaopaswa kuangalia kalenda: ukipima wiki mbili baada ya kampeni, unaipima kampeni.

14. Mkojo wangu ulisoma madini joto mikrogramu 60. Nina upungufu?

Haijulikani, na anayekwambia inajulikana amekosea.

Zaidi ya asilimia 90 ya madini joto unayoyala hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Mkojo wa asubuhi hii unasema ulichokula jana na umekunywa maji kiasi gani. Kesho ungeweza kusoma 190. Ili kumjua mtu mmoja kwa ukaribu unahitaji sampuli kadiri ya 10 za nyakati tofauti. Lakini ukikusanya mkojo wa wanawake mia kadhaa, mabadiliko ya kila mmoja yanafutana na kinachobaki ni picha ya jamii.

Kinachosomwa ni mediani, ile namba ya katikati ukipanga wote kutoka mdogo hadi mkubwa. Kwa wanawake wasio wajawazito iwe angalau mikrogramu 100 kwa lita, na ikifika 300 imezidi. Kwa wajawazito iwe kati ya 150 na 249. Kwa wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 2, iwe 100 au zaidi.

Kosa lililozagaa ni kuhesabu asilimia ya walio chini ya 100 na kuwaita wenye upungufu. Hata jamii iliyo salama kabisa ina wengi chini ya 100 siku yoyote ile. Ukiona asilimia hiyo kwenye ripoti, iruke, tafuta mediani.

15. Kwa zinki, kwa nini mnauliza saa na kama mtu amekula?

Kwa sababu zinki ya damu hushuka baada ya kula na kadiri siku inavyokwenda. Mwanamke asiye mjamzito aliyefunga kula tangu usiku ana kizingiti cha mikrogramu 70 kwa desilita. Akiwa amekula, asubuhi ni 66. Mchana ni 59. Mtoto ana 65 asubuhi na 57 mchana. Timu isiyoandika saa imeshapoteza zinki yake, hata kama maabara ni ya hali ya juu.

Tatizo la pili ni uchafuzi. Zinki iko kwenye vumbi, kwenye poda ya glavu na kwenye raba ya vizibo. Mirija lazima iwe ile iliyothibitishwa haina madini, na glavu zisizo na poda. Damu iliyopasuka seli zake, ikawa na rangi ya waridi baada ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha majimaji na seli, nayo haifai, maana seli nyekundu zimejaa zinki. Uchafuzi siku zote hupandisha, kwa hiyo kazi chafu huzaa jamii yenye zinki ya kutosha.

16. Foleti na B12 je?

Foleti hupimwa sehemu mbili. Ya kwenye majimaji ya damu inaonyesha mlo wa siku za karibuni. Ya ndani ya seli nyekundu inaonyesha miezi mitatu hivi iliyopita, na ndiyo inayohusiana na mgongo wazi: kwa wanawake wa umri wa kuzaa, kundi liwe juu ya nanomoli 906 kwa lita, kwa kipimo cha kutumia bakteria. Namba hiyo haimtabirii mama mmoja mtoto wake atakuwaje. Inapimwa kabla ya mimba kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kuwa wana mimba.

B12 chini ya pikomoli 150 kwa lita ni upungufu. Hupimwa pamoja na foleti, kwa kuwa foleti nyingi huweza kurekebisha damu huku neva zinaendelea kuharibika kwa kukosa B12.

## Sampuli zenyewe

17. Mnamtoa mtoto damu kiasi gani? Haitamdhuru?

Mara nyingi mililita 5 au pungufu. Mtoto wa kilo 10 ana damu kiasi cha mililita 750 hadi 800, kwa hiyo hiyo ni chini ya asilimia moja na mwili huirudisha. Maumivu yapo, michubuko hutokea, na mzazi aambiwe hivyo kabla ya kutia saini. Mzazi ana haki ya kukataa sindano na kukubali sehemu nyingine za utafiti, au kukataa vyote, bila kupoteza huduma yoyote. Mchukua damu akijaribu mara mbili akakosa mshipa, aache.

18. Kwa nini mirija imefungwa kwa karatasi ya foili?

Mwanga unaharibu retinoli na foleti. Joto nalo linaharibu. Kuanzia kwenye mkono wa mtoto, mrija unaingia kwenye boksi baridi lenye giza, unazungushwa kwenye mashine siku hiyohiyo, majimaji yanagawanywa kwenye vichupa vidogo, na vichupa vinaingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, au baridi zaidi vikikaa muda mrefu. Barafu isiguse mrija ambao haujazungushwa, kwa sababu seli zikiganda zinapasuka na sampuli imekwisha.

Pale ambapo mnyororo baridi hauwezekani, kuna matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu. Ni rahisi kusafirisha, ila si kila kipimo kinakubali, na karatasi iliyofungwa kabla ya kukauka vizuri huoza. Mkojo wa madini joto ndio mvumilivu kuliko wote. Adui yake ni dawa ya kusafishia vidonda yenye iodini.

## Namba na maana yake

19. Watu wangapi wanatosha?

Inategemea unataka uhakika kiasi gani. Tuseme unatarajia upungufu wa asilimia 20 na unataka jibu lisipishane kwa zaidi ya pointi 5. Hesabu ya kawaida inatoa watu 246. Lakini nyumba za eneo moja hufanana, kwa hiyo ukichagua maeneo kisha kaya ndani yake, zidisha, tuseme kwa 1.5: wanakuwa 369. Ukitarajia asilimia 85 tu watakubali na sampuli zao kufaa, unaanza na 435. Hiyo ni kwa kundi moja na eneo moja. Anayetaka majibu ya kila mkoa anazidisha tena kwa idadi ya mikoa, na hapo ndipo mikutano ya bajeti huwa mirefu.

Kuhusu lini asilimia inakuwa tatizo la jamii: upungufu wa damu ukifika asilimia 40 ni hali mbaya, 20 hadi 39.9 ni ya kati. Vitamini A ikipungua kwa asilimia 20 ya watoto ni hali mbaya. Upungufu wa zinki ukizidi asilimia 20 unahitaji hatua.

20. Utafiti mpya umeonyesha upungufu umeshuka. Tushangilie?

Kwanza uliza kama vipimo ni vilevile. Kabla ya 2024 kizingiti cha watoto wote wa miezi 6 hadi 59 kilikuwa 110. Watoto wa miezi 6 hadi 23 waliosoma kati ya 105 na 110 wamekuwa wazima kwa kalamu, bila mtoto yeyote kula kitu tofauti. Milimani mwelekeo huweza kuwa kinyume, kwa sababu ya marekebisho ya mwinuko. Ongeza na hili: huenda utafiti wa kwanza ulitumia damu ya kidole, wa pili ya mshipa, wa kwanza ulifanyika msimu wa malaria, wa pili kiangazi, wa kwanza haukusahihisha inflamesheni. Njia ya haki ni kuchukua data ghafi za zamani na kuzihesabu upya kwa kanuni za sasa.

21. Ile takwimu ya "mtoto 1 kati ya 2 na wanawake 2 kati ya 3" imetoka wapi?

Ilichapishwa 2022 katika jarida la The Lancet Global Health. Makadirio yalikuwa asilimia 56 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 na asilimia 69 ya wanawake wasio wajawazito wa miaka 15 hadi 49, wenye upungufu wa angalau kimoja kati ya vitatu: madini ya chuma, zinki na vitamini A kwa watoto, foleti badala ya vitamini A kwa wanawake. Ilijengwa kutokana na tafiti 24 za kitaifa, kwa kuwa nchi nyingi hazikuwa na data za aina hiyo. Itumie kuonyesha ukubwa wa tatizo duniani. Usiitumie kama takwimu ya nchi yako.

## Hali za pembeni

22. Wajawazito wanapimwa kwa vigezo gani?

Ujauzito huongeza maji ya damu kuliko seli, kwa hiyo himoglobini hushuka hata kwa mwenye afya. Vizingiti ni 110 miezi mitatu ya kwanza, 105 ya katikati, 110 ya mwisho. Ferritini ya 15 inafaa miezi mitatu ya kwanza; baada ya hapo hakuna kizingiti kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Wajawazito pia ni wachache kwenye kaya zozote utakazochagua. Utafiti uliopata 40 usitangaze asilimia yao kana kwamba ni ya kitaifa.

23. Na watoto chini ya miezi 6?

Kwa kawaida hawapimwi kwenye tafiti za kaya. Himoglobini yao hushuka yenyewe miezi ya mwanzo, na vizingiti vya tafiti vinaanzia miezi 6. Ukitaka kujua vitamini A yao, pima maziwa ya mama: retinoli chini ya mikromoli 1.05 kwa lita ni ishara kwamba mama na mtoto wote wako hatarini.

24. Tumemkuta mtoto mwenye himoglobini 62. Tumalize mahojiano kwanza?

Hapana. Chini ya 70 kwa mtoto au mjamzito, na chini ya 80 kwa mwanamke mwingine, ni upungufu mkali. Rudia kipimo mara moja kuhakikisha, andika rufaa, na ahakikishiwe usafiri siku hiyohiyo. Dodoso litasubiri.

25. Fedha ni kidogo. Tupunguze nini?

Punguza idadi ya virutubishi. Usipunguze CRP, AGP wala mafunzo ya uwanjani. Himoglobini, ferritini, RBP, CRP na AGP hupimika kutoka kwa damu kidogo sana, na mkojo wa madini joto hauhitaji sindano. Zinki iachwe kama huwezi kuhakikisha masharti ya swali la 15.

26. Sampuli zilizobaki kwenye friza zinaweza kupimwa kitu kingine baadaye?

Zinaweza kama mambo matatu yametimia. Mshiriki awe aliridhia kwa maandishi matumizi ya baadaye, na kamati ya maadili ikubali kipimo hicho kipya. Pia ziwe hazijayeyuka na kugandishwa mara kwa mara. Daftari la friza na rekodi za kukatika umeme ndivyo vitakavyosema. Kama fomu ya ridhaa iliahidi sampuli zitateketezwa utafiti ukiisha, zinateketezwa.